Wiki Yenye Tano Mbili

(Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi, Tanga, Alhamisi jioni)

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa mkekani hapa mbele kwa kuwa viti havikutosha: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Poleni kwa mvua. Imetuchelewesha karibu saa nzima, lakini mmevumilia, na mimi nashukuru.

Naanza na kadi ya mwaliko. Imeandikwa "Alhamisi, saa 11 jioni". Nina mjukuu aliyezaliwa na kukulia Birmingham, amekuja likizo na mama yake. Aliisoma ile kadi, akaingiza kwenye simu yake, kisha akaja kuniuliza kwa upole kabisa: "Babu, kweli watu watatoka majumbani kuja kukusikiliza usiku wote ule?" Nikaitazama simu. Ilikuwa imeshaandika 23:00.

Jibu lililonijia mdomoni lilikuwa "ndivyo ilivyo". Nikalimeza, kwa sababu jibu hilo niliwahi kumpa mtoto mwingine, miaka mingi iliyopita, na bado linaniuma.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kusoma saa. Nimechora duara ubaoni, nimepanga namba, mshale mrefu juu kwenye kumi na mbili, mshale mfupi kwenye saba. Nikawaambia watoto, semeni: saa moja kamili. Wakasema wote. Binti mmoja wa mstari wa pili akanyosha mkono. "Mwalimu, mshale uko kwenye saba. Mbona tunasema moja?"

Nilikuwa sijui. Ningemwambia sijui, ningekuwa nimemfundisha kitu. Badala yake nilimwambia akae chini, ndivyo inavyosomwa. Akakaa. Mwaka ule mzima hakuninyoshea mkono tena. Leo ni mtu mzima, sijui yuko wapi, lakini ninayosema jioni hii kwanza namjibu yeye.

Mwanangu, sisi tunahesabu saa kuanzia pale mwanga unapoanza. Jua likichomoza mchana umezaliwa, na saa yake ya kwanza ikitimia tunasema saa moja. Likizama, usiku nao umezaliwa, tunaanza tena moja. Tanga iko kusini ya ikweta kwa digrii tano hivi, na huku jua halina tabia ya kuhamahama. Iwe Januari, iwe Julai, linachomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, tofauti haifiki saa nzima. Mkulima wa Muheza anaweza kulitegemea kama anavyotegemea jogoo. Huko Birmingham kwa mjukuu wangu haiwezekani. Mwezi wa Juni kunakucha wakati sisi tungesema saa kumi usiku, na Desemba watoto wanakwenda shule gizani. Ukihesabu kuanzia macheo kule, saa moja yako itazurura mwaka mzima. Kwa hiyo wao wanaanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, wakati ambao hakuna mtu anayeuona kwa macho, ila mtambo unaujua.

Ndiyo maana uso wa saa ya mkononi, uliochongwa na watu wa huko, tunausoma kwa kuuvuka. Mliovaa saa za mishale zitazameni. Weka kidole kwenye saba, vuka katikati moja kwa moja hadi upande wa pili. Umefika wapi? Kwenye moja. Weka kwenye kumi na moja, vuka. Tano. Sita zinatutenganisha, na sita ni nusu ya duara, kwa hiyo saa yetu daima imekaa uso kwa uso na saa yao. Yule binti angeonyeshwa hivi, asingesahau maisha yake yote.

Tena hesabu hii hatuko nayo peke yetu. Waethiopia nao wanahesabu hivihivi hadi leo. Na mliokwenda kanisani mmeshaisikia, pengine bila kuigutukia. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, kuna mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua alfajiri, akatoka tena saa tatu, tena saa sita, tena saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, na jioni akawalipa wote dinari moja moja. Msomaji wa Kiingereza hapo anahitaji kuelezwa saa ya kumi na moja ni wakati gani. Sisi hatuhitaji. Mtoto wa Kiswahili akisikia saa kumi na moja anaona vivuli vimerefuka na wenye majembe wanarudi nyumbani. Anaelewa palepale kwa nini wale waliochomwa na jua tangu asubuhi walinung'unika. Hivyo ndivyo watu wa Yerusalemu na Roma walivyogawa mchana, na hesabu yao imekaa vizuri kwenye lugha yetu kwa sababu ni hesabu yetu pia.

Sasa tuje kwenye wiki, maana hapo ndipo mjukuu wangu alipozidi kunibana. Alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Jumamosi, mosi, moja. Jumapili, mbili. Jumatatu, tatu. Jumanne. Jumatano, tano. Akafika Alhamisi, akasimama. "Babu, hii mbona haina namba?"

Inayo. Alhamisi ni neno la Kiarabu, na maana yake ni siku ya tano. Yaani wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana: jana ilikuwa ya tano, leo ni ya tano.

Waarabu wanahesabu kuanzia Jumapili, ndiyo siku yao ya kwanza, kwa hiyo tano yao inaangukia Alhamisi. Wazee wetu wa pwani walihesabu kwa namna yao. Kwao siku kuu ya wiki ilikuwa Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini, na kilichofuata baada yake ndicho kilichokuwa kipya. Kesho yake ikaitwa mosi. Wakaenda kwa namba zao wenyewe hadi tano. Walipoikaribia Ijumaa, zile siku mbili za ibada, mkesha wake na yenyewe, wakaziacha na majina yaliyokuja na dini. Hesabu mbili zimekutana katikati ya wiki, na hakuna aliyeona haja ya kuzipatanisha. Mimi napapenda sana hapo. Hakuna kitabu cha historia kinachoonyesha kwa ufupi hivyo jinsi pwani hii ilivyopokea mambo ya ng'ambo bila kutupa ya kwake.

Nimesema mkesha. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea pale Pangani, Alhamisi baada ya magharibi alikuwa anasema, "Leo usiku wa Ijumaa, msichelewe kuoga." Sisi watoto tulikuwa tunabishana naye. Usiku wa Ijumaa si kesho, bibi? Hapana, anasema, kesho jioni ni usiku wa Jumamosi. Tukidhani uzee umemwingia. Kumbe katika hesabu ya Kiislamu siku inaanza jua linapozama: kwanza usiku, kisha mchana wake. Ndiyo sababu mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe inaswaliwa usiku uleule kabla hata ya kufunga. Siku hizi watangazaji wanasema "usiku wa kuamkia Ijumaa", ili asikosee mtu, na ni msemo mzuri. Lakini kila ukiusikia ujue ni kiraka. Umeshonwa pale ambapo siku ya bibi na siku ya ofisini zimeshindwa kukutana.

Namba zenyewe nazo zina habari yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi, hizo ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Watu wanapenda kuuliza zetu zilikwenda wapi. Hazikwenda mbali. Pandeni basi la Lushoto, mkamsikilize mzee wa Kisambaa akihesabu: mtandatu, mfungate, mnane, kenda. Wanangu, hilo mfungate mmelisikia wapi? Bibi na bwana harusi wakishafunga ndoa, wanakaa ndani siku ngapi? Saba. Tunasema wako fungate. Siku hizi fungate inakwenda mpaka hotelini Zanzibar na inaweza kuwa siku tatu tu kwa sababu ya gharama, lakini neno bado linahesabu saba. Na kenda? Vukeni mpaka wa Horohoro mwende kwa majirani zetu Mijikenda. Miji kenda, miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Waribe, Wajibana. Tisa ya zamani imehifadhiwa katika jina la watu. Hakuna atakayeibadilisha hata sokoni kote waseme tisa.

Hapo kuna jambo linalonigusa kweli, naomba mnisikilize. Kila mwaka kijana mmoja hunijia na kusema, mwalimu, Kiswahili si lugha, ni Kiarabu kilichochanganywa, si unaona sita, saba, tisa. Amesoma mahali, amesikia kwa mtu, amekata tamaa na lugha ya mama yake. Mimi humwambia achukue neno kitabu. Ni la Kiarabu, hakuna ubishi. Wingi wake kwa Kiarabu ni kutub. Sisi tukasikia ki- hapo mwanzo, tukasema kikiwa kimoja ni kitabu, vikiwa viwili ni vitabu. Tukalitia kwenye ngeli ya kiti na viti, likatulia. Kisha Waingereza wakaweka kibao kwenye mizunguko ya barabara kuwaambia madereva washike kushoto, "Keep Left". Tukasoma, tukaita kipilefti. Na viwili? Vipilefti. Dereva wa daladala hajafundishwa na mtu kusema vipilefti, anasema tu. Lugha inayoweza kumpokea mgeni, ikampa nguo za nyumbani na kumkalisha kwenye ngeli yake siku hiyohiyo, haiwezi kuwa lugha ya kuazimwa. Huyo ni mwenye nyumba.

Nitafute pumzi kidogo. Ahsante kwa maji, mama.

Wareno nitawapitia, kwa kuwa maneno yao mnayajua: meza, bendera, mvinyo, na leso, ambayo huku tunaita kanga na wenzetu wa Mombasa bado wanaita leso, kwa sababu ilianza na vitambaa vya mkononi vilivyoungwa pamoja hadi vikatosha kujifunga. Lakini neno moja nataka tusimame nalo. Gereza.

Gereza kwa Kireno lilikuwa kanisa. Igreja. Nilipolisikia mara ya kwanza sikuamini. Wareno walifika Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Mombasa walianza Fort Jesus mwaka 1593. Ndani ya kuta zao waliweka askari, baruti, maghala na kanisa lao la kuswalia. Mtu wa mjini akiwa nje haoni yaliyomo. Anaona ukuta, anasikia kengele, anasikia wanavyoliita, na yeye analiita hivyohivyo jengo zima. Kisha wenye ngome wanabadilika. Wale wa Mombasa walizingirwa kuanzia 1696, na mwaka 1698 ngome ikawa ya Waomani. Waingereza walipokuja wakaifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Neno limekaa mahali pamoja, kilichobadilika ni nani amefungiwa ndani. Ukienda Kilwa Kisiwani leo utakuta ngome inatazama bahari, nyingi ya kuta unazoziona ni kazi ya Waomani, na wenyeji wanaiita Gereza. Hawana maana ya jela.

Na mahali wanaposali Wakristo tunapaitaje? Kanisa. Neno hilo tumelipata kwa Kiarabu, lugha iliyotuletea msikiti. Jina la kanisa la Wareno ndilo likabaki na wafungwa. Ukimweleza mtoto hilo siku moja, hutahitaji kumlazimisha kusoma historia.

Huku kwetu bara walikuja Wajerumani, na hapa Tanga walifungua shule yao ya serikali mapema kabisa, miaka ya 1890. Ndiyo maana tunasema shule, neno lao. Vukeni bahari hadi Unguja, kwa waliotawaliwa na Waingereza, mtoto anakwenda skuli. Ni bahari ileile na Kiswahili kilekile, ila mkoba wa daftari unakujulisha nani alikuwa bwana wa babu yako. Kabla ya wote hao tulikuwa na chuo, na chuo maana yake ya kale ni kitabu. Mwanachuoni ni mtu wa vitabu.

Sasa naomba nipitishe kitu. Wanangu, mpokezane polepole, kikianguka kwenye huu ufa wa sakafu hatukipati tena.

Hiyo ni sarafu. Babu yangu mzaa baba alinipa nilipomaliza darasa la saba, naye alipewa na baba yake. Mnaona ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukingo wake si mviringo kamili, kuna upande umebonyea. Ipelekeni dirishani. Juu kuna taji, chini ya taji mwaka 1916, kisha herufi tatu za jina la koloni la Wajerumani. Geuzeni. Kuna shada la majani na ndani yake 20, na chini neno moja: Heller. Mtoto wa mwisho pale amelisoma vizuri. Amesema hela.

Ndiyo. Hiyo ndiyo hela.

Wajerumani walikuta rupia ya Kihindi mikononi mwa watu, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Pesa nayo ni neno la Bara Hindi, paisa. Hesabu ya 64 haikuwaingia, kwa hiyo mwaka 1904 wakaigawa rupia kuwa heller 100. Zamani basi mtu angeweza kukuuliza una pesa au una hela, na yakawa maswali mawili tofauti, la sarafu ya zamani na la sarafu mpya. Vita vikaja, Waingereza wakazuia meli, sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Mwaka 1916 karakana ya reli kule Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha fedha. Wakayeyusha shaba walizozipata, pamoja na maganda ya mizinga, wakagonga hizi. Ndiyo sababu imebonyea: iligongwa kwa haraka na mafundi wa gari moshi. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na mchezo ukaisha. Serikali iliyoitoa sarafu hii haikumaliza miaka mitatu tena. Neno lake liko kwenye kila tenzi ya mapenzi mnayoimba, kwenye kila ugomvi wa ndugu, na leo asubuhi muuza mihogo kaniambia hela hana ya kurudishia chenji.

Babu hakunieleza lolote kati ya hayo. Aliniambia tu, "Itunze, ni ya vita." Nilimwuliza vita gani, akasema vya Wajerumani, akanyamaza. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo. Nilikuwa mdogo, nikaona amechoka, sikumwuliza tena. Hilo nalo linaniuma, na namna ya kulirekebisha haipo, kwa sababu aliyekuwa na jibu kalala pale Pangani. Kwa hiyo ninachoomba kwenu wazazi ni kidogo. Mtoto akiuliza mbona, usimkalishe. Kama unajua mwambie. Kama hujui mwambie twende kwa bibi tukamwulize, mwende kweli, mwende wiki hii. Na ninyi wanangu, bibi akisema jambo ambalo halipatani na daftari, msidhani amekosea. Ulizeni anahesabu kuanzia wapi.

Mjukuu wangu amekaa pale karibu na mlango. Tangu jana anazunguka nyumba nzima na karatasi anaandika maswali, na mengine hata mimi nitakwenda kuyatafutia. Jana usiku alimpigia simu rafiki yake wa Birmingham akamweleza kwa Kiingereza namna ya kuvuka uso wa saa kwa kidole. Nilikuwa chumba cha pili, nilisikia.

Sarafu imerudi? Ahsante, mwanangu. Nimeipata.

Naona dirisha limeshaanza kuwa jekundu, na muadhini wa huu msikiti wa jirani amewasha kipaza sauti, sasa hivi ataadhini. Kadi zenu zinasema leo ni Alhamisi. Bibi yangu angekuwepo, angewaambia mharakishe majumbani mkaoge, Ijumaa imeingia.